Vumbi la Kajiado na Gari la Spoti Linaloangalia Nyuma

Novemba 2022, katika maonyesho ya magari ya Los Angeles nchini Marekani, kampuni ya Porsche ilizindua gari la spoti lisilofanana na mengine yaliyokuwapo ukumbini. Magari ya aina hiyo kwa kawaida hulala chini karibu na lami. Hili lilikuwa limeinuliwa, limefungwa matairi ya kukanyaga changarawe, na juu ya paa liliweza kubeba taa za usiku. Liliitwa 911 Dakar, na idadi yake iliwekewa kikomo cha magari 2,500. Mapema mwaka uliofuata wanunuzi waliruhusiwa kulivisha rangi na michirizi ya zamani iliyopewa majina ya miaka mitatu: 1971, 1974 na 1978.

Miaka hiyo ina maana kubwa kwetu. Katika kila mmoja, Porsche ilileta magari Kenya kulitafuta kombe la mbio za magari za Safari, na kila mara ikarudi Ujerumani mikono mitupu. Nusu karne baadaye, rangi za magari yaliyoshindwa hapa zimekuwa pambo la kuuzia gari jipya kwa matajiri wa dunia nzima.

Je, magari ya spoti ya kisasa yafaa kuvaa sura za zamani? Wabunifu na wapenzi wa magari wamelibishania swali hili kwa zaidi ya miaka 30, na mara nyingi wamelijadili kana kwamba ni suala la urembo peke yake. Historia ya Afrika Mashariki inatupa njia nyingine ya kulitazama. Zipo sura za magari zilizotengenezwa na barabara, na baadhi ya barabara hizo ni za nyika inayoanzia Kitengela na kuteremka hadi Kajiado, Il Bissil na Namanga. Anayetaka kuhukumu nakala hana budi kwanza kujua ya asili ilitoka wapi.

1953–1968: Barabara yachagua gari

Safari ilianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza. Madereva walizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye barabara za kawaida, zile zile zilizotumiwa na malori, mabasi na mifugo. Baadaye mashindano yalizoea kufanyika wakati wa Pasaka, na wakazi wa huku wanajua Pasaka huja na masika.

Nyika ya Athi na Kapiti, ambamo Kitengela na Isinya zimo, imefunikwa na udongo mweusi. Ukikauka hupasuka na kuacha nyufa za kumezea gurudumu. Ukilowa hunata, hujaa ndani ya mifereji ya tairi na kulifanya gari liteleze hata mahali pa tambarare. Ukisonga mbele kuelekea Kajiado udongo hubadilika, huja mawe, makorongo ya mchanga na vumbi jembamba linaloingia hata kwenye mlango uliofungwa barabara. Katika mazingira kama hayo, mwendo wa kasi haukuwa na thamani kama uwezo wa kufika.

Ndiyo sababu Volkswagen, gari dogo lenye umbo la kobe lililobuniwa na Ferdinand Porsche miaka ya 1930, lilitamba tangu mwanzo. Vic Preston alishinda nalo mwaka 1954, Gus Hofmann mwaka 1957 na Tommy Fjastad mwaka 1962. Injini yake ilikaa nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma, na uzito huo uliyabana matairi kwenye tope. Umbo lake la mviringo lilitokana na mpangilio huo wa mitambo. Porsche 911, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1963, ni ya ukoo huo huo: injini nyuma, mgongo umeteremka, taa za mviringo mbele.

Somo kubwa zaidi lilitolewa mwaka 1965 na Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, na nduguye Jaswant. Gari lao lilikuwa Volvo PV544 lililokwisha kutumika, na umbo lake lilikuwa limepitwa na wakati, kwa kuwa mizizi yake ilikuwa katika gari lililooneshwa Sweden mwaka 1944. Kiwanda kilisitisha utengenezaji wake mwaka huo huo wa 1965. Hata hivyo ndilo lililowashinda wote. Watazamaji wa Afrika Mashariki walijifunza mapema kwamba upya wa sura si kipimo cha ubora wa gari, na kwamba chuma cha zamani kilichotunzwa vizuri kinaweza kuliacha gari jipya korongoni.

Miaka mitatu baadaye mvua ilipiga sana, na magari yaliyomaliza Safari ya 1968 yalikuwa saba tu. Mshindi alikuwa Nick Nowicki ndani ya Peugeot 404, gari la familia. Hadi hapo hakuna aliyetarajia gari la spoti lenye milango miwili na boneti ndefu litawale Safari.

1969–1973: Z nyekundu

Nissan ilikuwa imeanza kuleta magari yake ya Datsun kwenye Safari tangu 1963. Wajapani waliitumia Safari kama maabara na kama tangazo: gari lililostahimili Kenya lingestahimili popote. Mwaka 1969 Japani ilitoa hata filamu kuhusu mbio hizi, na mwishoni mwa mwaka huo Nissan ikatoa gari la spoti lililojulikana nyumbani kwao kama Fairlady Z na ng'ambo kama Datsun 240Z.

Lilikuwa na boneti ndefu kwa sababu chini yake ilipangwa injini ya lita 2.4 yenye silinda sita kwa mstari mmoja. Taa za mbele zilizama ndani ya mabonde yaliyochongwa kwenye bodi. Paa liliteremka taratibu hadi nyuma. Uzito wake ulikuwa takribani tani moja, na vifaa vyake vilikuwa rahisi kiasi kwamba fundi angeweza kuvibadilisha kando ya njia.

Mwaka 1970 Edgar Herrmann na mwelekezi wake Hans Schüller walishinda Safari kwa Datsun 1600 SSS, gari la kawaida la milango minne. Mwaka 1971 wawili hao walirudi na 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi na wakashinda tena, huku 240Z nyingine ya Shekhar Mehta ikishika nafasi ya pili. Gari la spoti lilikuwa limeishinda Safari. Picha za Z hiyo, imejaa matope hadi kwenye vioo, taa kubwa zimefungwa mbele, zilisambaa duniani.

Mwaka 1973 Mehta, mzaliwa wa Kampala, alishinda na 240Z akiwa na mwelekezi Lofty Drews. Ulikuwa ushindi mwembamba mno: yeye na Harry Källström wa Sweden walimaliza wakiwa na adhabu sawa, na Mehta akapewa kombe kwa kuwa ndiye aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Mwaka uliotangulia Idi Amin alikuwa ametangaza kuwafukuza Waasia wa Uganda, hivyo ushindi wa Mehta, Mwasia wa Uganda, ulibeba pia historia ya watu waliopoteza makao.

Kuanzia hapo sura ya Z iliacha kuwa mali ya wachoraji wa Japani peke yao. Taa za ziada, vyuma vya kuzuia wanyama mbele, springi zilizoinuliwa na bamba la kulinda tumbo la injini viliongezwa kwa sababu ya barabara za Afrika Mashariki. Gari alilolipenda mtu wa Tokyo au California lilikuwa limekamilishwa na mawe ya huku.

1971–1978: Porsche na kombe lililoponyoka

Wakati Datsun ikisherehekea, Porsche ilikuwa ikijaribu. Mwaka 1971 ilileta magari matatu ya 911 S, na lililofika mbele kabisa, la Sobiesław Zasada wa Poland, likamaliza la tano. Zasada alirudi mwaka 1972 akawa wa pili, nyuma ya Ford Escort ya Hannu Mikkola. Huo ndio mwaka ambao dereva kutoka Ulaya alishinda Safari kwa mara ya kwanza. Kabla yake, kombe halikuwahi kutoka mikononi mwa madereva wa Afrika Mashariki.

Mwaka 1974 Björn Waldegård wa Sweden aliikaribia ndoto ya Porsche. Alimaliza wa pili, na aliyemshinda alikuwa tena Joginder Singh, safari hii ndani ya Mitsubishi Lancer ndogo ya lita 1.6.

Magari mengine ya spoti yaliumia pia. Lancia Stratos, gari fupi lenye umbo la kabari lililochorwa na Marcello Gandini wa kampuni ya Bertone, lilikuwa likitawala mashindano ya Ulaya. Mwaka 1975 Lancia ilipata nafasi ya pili na ya tatu Kenya, huku Peugeot 504 ya Ove Andersson ikichukua kombe. Stratos haikuwahi kushinda Safari.

Kufikia 1978 Porsche ilikuwa imejifunza. Wahandisi wake waliliinua gari la 911 SC hadi likaacha nafasi ya sentimita 28 hivi kati ya tumbo na ardhi. Waliimarisha bodi, wakalifunga bamba nene chini na chuma mbele. Halafu likapakwa rangi nyeupe na kuchorwa michirizi ya buluu na nyekundu ya Martini. Magari mawili yalianza. Vic Preston mdogo, mwana wa mshindi wa 1954, alimaliza wa pili. Waldegård akawa wa nne. Peugeot ikashinda tena, na Porsche ikafunga kitabu cha Safari bila ushindi.

Gari hilo lililoshindwa ndilo lililoacha alama ya kudumu. Kabla yake, kuliinua gari la spoti namna ile kulionekana kama kuliharibu. Baada yake, ilijulikana kwamba 911 inaweza kwenda popote. Mwaka 1984 Porsche ilishinda mbio za Paris–Dakar kwa gari la 911 lililoinuliwa na kupewa magurudumu manne ya kusukuma. Sifa zikaenda Dakar, ingawa somo la kwanza lilikuwa limesomwa Kenya.

1977–2002: Nyika yabanwa, sura yasahauliwa

Wakati huo huo mambo makubwa yalikuwa yakitendeka nje ya michezo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wa Namanga, mwisho wa barabara inayopita Kitengela na Kajiado, ukafungwa hadi 1983. Safari, ambayo zamani ilifunga pamoja nchi tatu, ilikuwa imekwisha kubaki Kenya pekee. Mikondo ya mbio ikalazimika kutafutwa zaidi ndani ya nchi, na nyika za Kajiado zikawa na thamani mpya.

Magari nayo yalibadilika. Mehta alishinda mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, akitumia Datsun zenye umbo la sanduku. Toyota Celica ikashinda 1984, 1985 na 1986. Audi ikafuata mwaka 1987 kwa gari la magurudumu manne ya kusukuma, kisha Lancia Delta. Katika miaka ya 1990 ushindi ulitegemea turbo, kompyuta na helikopta zilizoruka juu kumwonya dereva kuhusu ng'ombe na twiga walio mbele. Ian Duncan wa Kenya alishinda na Celica mwaka 1994. Subaru ikawa gari la ndoto ya vijana, hasa baada ya Patrick Njiru kuonesha kwamba Mkenya Mwafrika naye anaweza kupambana na timu za viwanda.

Mpenzi wa leo wa Impreza anayeshinda kwenye gereji za Kitengela Jumamosi nzima ni mrithi wa kipindi hicho. Kwa umri wake, "zamani" ni Subaru ya buluu yenye rimu za dhahabu. Z nyekundu ni ya babu yake. Kila kizazi kina zamani yake, na viwanda vya magari vimelifahamu jambo hilo vizuri.

Nyika yenyewe haikubaki ilivyokuwa. Chini ya sheria ya mwaka 1968 ardhi ya Wamaasai wa Kajiado ilikuwa imeandikishwa kama mashamba ya makundi. Kuanzia miaka ya 1980 mashamba hayo, Kitengela likiwamo, yakaanza kugawanywa kwa watu binafsi. Eneo la viwanda vya kuuza bidhaa nje lilipoanzishwa Athi River katika miaka ya 1990, maelfu ya wafanyakazi walihitaji vyumba vya kupanga. Ploti zikauzwa, seng'enge zikafungwa, na njia za nyumbu kutoka Mbuga ya Nairobi zikabanwa. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 150,000 Kitengela, na zaidi ya milioni moja katika kaunti nzima ya Kajiado.

Safari ya 2002, ambayo Colin McRae aliishinda na Ford Focus, ilipita katika mikondo ya Kajiado na Olooloitikoshi. Hiyo ikawa Safari ya mwisho katika ratiba ya ubingwa wa dunia kwa miaka 19. Iliporudi mwaka 2021, makao yake yalikuwa Naivasha, na mikondo yake mikuu ikawa kaunti ya Nakuru.

1989–2009: Viwanda vyageuka nyuma

Wakati Kajiado ikipoteza nyika, viwanda vya nje vilianza kuitafuta jana. Mwaka 1989 Mazda ilitoa MX-5, gari dogo la wazi lililofuata magari ya spoti ya Uingereza ya miaka ya 1960 yaliyopendwa kwa wepesi na kuchukiwa kwa kuharibika ovyo. Mazda ilichukua wepesi, ikaacha uharibifu. Gari hilo limekuwa miongoni mwa magari ya spoti yaliyouzwa kwa wingi zaidi katika historia.

Kisha mlango ukafunguka. Volkswagen ikarudisha umbo la kobe mwaka 1997, safari hii injini ikiwa mbele, mahali pasipolingana na umbo lile. Ford ikarudisha Thunderbird mwaka 2001. Ilipendeza machoni, lakini ilikuwa gari la kawaida lililovishwa nguo ya sherehe, na kufikia 2005 utengenezaji wake ulikoma. Mustang iliyotoka kwa mwaka wa 2005 ilichukua sura ya ile ya miaka ya 1960 na kufaulu, kwa sababu ilibaki na kile wanunuzi walichokitaka tangu mwanzo: injini kubwa mbele, magurudumu ya nyuma yanayosukuma, na bei ambayo mfanyakazi wa Marekani angeweza kuifikia. Dodge Challenger na Chevrolet Camaro zikaifuata mwaka 2008 na 2009.

Kulikuwa na sababu kadhaa za mkondo huu. Kizazi kilichokua na magari yale kilikuwa kimezeeka na kupata fedha. Magari mapya yalikuwa yameanza kufanana, kwa kuwa kompyuta na vipimo vya upepo viliwaelekeza wachoraji wote upande mmoja. Sheria za usalama nazo zilibadili maumbo: za Ulaya za kumlinda mtembea kwa miguu ziliinua boneti, na za kugongwa ubavuni zikanenepesha milango. Kampuni yenye historia ikaona kwamba historia hiyo ni mtaji ambao mshindani mgeni hawezi kuununua.

2003–2023: Wazee warudi vumbini

Kenya haikusubiri nakala. Mwaka 2003, Safari ilipotimiza miaka 50, ilianzishwa East African Safari Classic Rally, mashindano ya magari ya zamani yenyewe. Magari hayo huenda kwa zaidi ya wiki moja na maelfu ya kilomita, yakipita Kenya na mara kadhaa Tanzania. Kajiado ikapata tena nafasi yake, maana mbio hizi zimezoea kupita Amboseli, chini ya Kilimanjaro, katika vumbi jeupe la ziwa lililokauka.

Hapo ndipo hesabu za zamani zilipolipwa. Ian Duncan alishinda 2009 kwa Ford Mustang na 2013 kwa Ford Capri. Björn Waldegård, aliyeikosa Safari na Porsche mwaka 1974 na 1978, alishinda Classic ya 2011 ndani ya Porsche 911 akiwa na umri wa miaka 68, mwanawe Mathias akiwa mwelekezi wake. Alifariki dunia mwaka 2014. Stig Blomqvist alishinda na 911 mwaka 2015, na Desemba 2023 Baldev Chager wa Kenya naye akashinda kwa 911.

Ushindi huo haukuletwa na sura. Magari hayo hufunguliwa yote, bodi huchomelewa upya, shokomzoba hubadilishwa, na waya mbovu huondolewa. Kila usiku mafundi hulala chini ya gari wakifunga na kufungua. Umbo la 1974 lilionekana barabarani mwaka 2023 kwa sababu bado linafanya kazi.

Mtu wa kawaida wa Kitengela anayetamani 240Z ya kweli ana kikwazo kingine. Kanuni za Kenya haziruhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limepita miaka minane tangu liandikishwe, na usukani sharti uwe kulia. Kanuni hiyo ina manufaa yake kwa usalama na hewa safi. Matokeo yake ni kwamba magari ya kihistoria yaliyobaki nchini ndiyo hayo hayo. Kila moja linalokatwa na kuuzwa kama chuma chakavu halina mbadala. Wapenzi wachache huyatunza na kuyaonesha, kwa mfano katika maonyesho ya Africa Concours d'Elegance, yaliyoanzishwa jijini Nairobi mwaka 1970.

2021–2023: Nakala tatu

Katika kipindi hiki, viwanda vitatu vilitoa majibu matatu tofauti kwa swali letu.

La kwanza lilitoka Lamborghini. Mwaka 2021 ilitoa Countach mpya, magari 112 tu, kwa kuiga lile la miaka ya 1970. Mchoraji wa Countach ya asili alikuwa Marcello Gandini, yule yule wa Stratos. Gandini alijitenga hadharani na mradi huo, akaeleza kwamba kurudia gari la zamani kunapingana na msingi wa kazi yake, ambayo daima ilikuwa kuvunja mazoea na kubuni jipya. Hoja yake ni nzito. Countach ya kwanza ilipendwa kwa kuwa haikufanana na chochote kilichotangulia. Kuinakili ni kuiga matokeo na kuutupa ujasiri ulioyazaa.

La pili lilitoka Nissan, Agosti 2021. Z mpya ina boneti ndefu, paa linaloteremka na taa zilizochorwa kukumbusha zile za 240Z. Ndani yake kuna injini ya V6 yenye turbo mbili na nguvu za farasi 400, na uzito wake umepita tani moja na nusu. Mwaka 2023, kwenye maonyesho ya SEMA huko Las Vegas, Nissan ilionesha Z mpya iliyoinuliwa na kupakwa nyekundu na nyeusi kwa heshima ya washindi wa Safari wa 1971 na 1973. Lilikuwa gari la maonyesho, lakini heshima yake ilitajwa waziwazi. Kabla ya hapo, mwaka 2013, Nissan ilikuwa imelitengeneza upya gari lenyewe lililoshinda 1971.

La tatu ni 911 Dakar. Hapa kilichorudishwa ni kazi pamoja na sura. Gari hili limeinuliwa milimita 50 kuliko 911 ya kawaida, na dereva anaweza kulipandisha milimita 30 zaidi na kuendelea na mwendo. Magurudumu yote manne husukuma. Ukiliteremsha kutoka lami ya barabara ya Namanga hadi njia ya changarawe, litaendelea na safari. Kasoro yake iko kwenye jina. Michirizi ya 1971, 1974 na 1978 ni ya Safari ya Afrika Mashariki, na sauti za barabara zetu zimo katika kila springi iliyorefushwa, lakini ubao wa nyuma umeandikwa mji wa Senegal.

Hukumu

Historia hii ya miaka 70 inanipa jibu. Magari ya spoti ya kisasa yanaweza kuvaa sura ya zamani, na mengine yanafaa kufanya hivyo, kwa masharti mawili.

Sharti la kwanza ni kwamba sura irudi pamoja na sababu yake. Boneti ndefu na ifunike injini inayohitaji urefu huo. Gari lililoinuliwa na liweze kupita korongoni. MX-5 ilitimiza sharti hili, Mustang ikalitimiza, na 911 Dakar imelitimiza kwa kiwango kikubwa. Thunderbird haikulitimiza, na wanunuzi waliligundua hilo ndani ya miaka michache. Nissan Z imesimama katikati: kazi ya gari la spoti inaifanya vizuri, ila wepesi uliomsaidia Mehta kufika umepotea, na sheria za usalama hazitauruhusu urudi.

Sharti la pili ni kutaja asili. Sura za 240Z na 911 ya Safari zilichongwa pia na mafundi wa Nairobi, madereva wa Kampala na Kericho, masika ya Pasaka na mawe ya nyika. Kampuni inayouza kumbukumbu hiyo ina wajibu wa kusema ilikotoka, kuyaleta magari hayo yapite tena huku, na kuwapa vijana wetu nafasi ya kuyafanyia kazi.

Nasi tuna wajibu wetu. Kaunti ya Kajiado inaweza kuyahifadhi majina ya mikondo ya zamani na kuweka mabango kando ya njia kabla ploti hazijaifunika nyika yote. Gereji za Kitengela zina vijana wanaoweza kunyoosha bodi na kusuka waya. Wafundishwe kutengeneza upya magari ya historia kama taaluma, kwa kuwa Classic inahitaji mafundi kila inapofanyika. Na wewe msomaji, ikiwa nyuma ya nyumba ya mzee wenu kuna Datsun, Peugeot au Volkswagen imefunikwa turubai, usimwite mnunuzi wa chuma chakavu. Mwulize mzee aliinunua lini na alifika nayo wapi, uandike anayokuambia, kisha umtafute fundi.